Mama wa Chini

Kijiji kizima kilimwita Mama Ndeshi, ingawa huyo Ndeshi mwenyewe karibu hakuna jirani aliyepata kumwona. Mtoto alikuwa juu mlimani, Mwika, kwa bibi yake, kwenye ubaridi na migomba na maziwa ya kutosha. Mama alikuwa huku chini, ng'ambo ya Himo, kwenye tambarare ya mahindi, vumbi na mbu. Asubuhi utasikia, "Umeamkaje, Mama Ndeshi?" Jioni, "Mama Ndeshi, niazime ungo." Kila mara jina lile lilimchoma kidogo Aikande, naye akaitika na kutabasamu. Angefanyaje? Huwezi kumkataza mtu kukuheshimu.

Siku hiyo alikuwa amesimama nje ya nyumba yake mwenyewe utadhani mgeni. Mlango umefungwa, madirisha yamezibwa kwa magunia, na ndani Salehe anakohoa. Salehe alikuwa msaidizi wa daktari Mwingereza aliyekuja kuchunguza homa ya malaria upande ule. Jina la daktari lilikuwa gumu, watu wakampa jepesi, Bwana Mbu, naye akalipokea bila kinyongo. Kazi yao ilikuwa hivi: kwanza wapiga dawa walipita nyumba zote na mabomba yao, wakanyunyizia kuta dawa nyeupe. Mbu akishakunywa damu huwa mzito, hutua ukutani apumzike, na akitua kwenye dawa ndiyo safari yake imeishia hapo. Baadaye, kila mwezi, Salehe alikuja kuhakikisha. Alitandika mashuka meupe sakafuni na kitandani, akafunga kila tundu, akapuliza moshi mkali wa pareto, akangoja. Kama kulikuwa na mbu humo ndani, walianguka juu ya shuka wakaonekana.

Mlango ulifunguliwa. Salehe akatoka huku akifuta machozi kwa mkono wa shati, kijana wa mjini Moshi, mwana wa fundi cherehani, kofia ya kiua kichwani hata kwenye jua lile.

"Njoo utazame mwenyewe, mama."

Aikande akaingia, akainama. Shuka lilikuwa jeupe kutoka pembe hadi pembe. Kulikuwa na buibui mmoja, na nzi mmoja anayetapatapa chali.

"Nzi huyu si wangu," Salehe akasema. "Mwachie mumeo."

Aikande hakucheka. "Kwa hiyo mbu hakuna."

"Mwezi huu hakuna. Mwezi uliopita pia hakuna."

"Basi mtoto anaweza kulala humu."

Salehe alikunja shuka taratibu kuliko ilivyohitajika. Alikuwa ameingia nyumba hii mara nyingi, na alijua habari zake. Alijua kwamba nyuma ya shamba la mahindi kulikuwa na kaburi dogo la mwana wa Aikande aliyeitwa Elifasi, aliyechukuliwa na homa, na kwamba baada ya maziko yale bibi alishuka kutoka mlimani, akambeba Ndeshi mgongoni akiwa bado hajaacha kunyonya vizuri, akapanda naye, ikawa ndiyo basi.

"Mtoto wa juu?"

"Wa juu."

"Mama, mtoto wa juu damu yake haijaizoea homa. Akiumwa, anaumwa kweli."

"Najua wanavyoumwa," Aikande akasema. "Usinifundishe hilo."

Salehe akaenda kwenye Landrova, akazungumza na Bwana Mbu, ambaye alikuwa ameegemea mlango wa gari na kuandika. Wakazungumza kwa muda. Aliporudi uso ulikuwa umefunguka.

"Bwana anasema, dawa ikikaa ukutani, mtoto atalala. Ila usifute ukuta. Usiuoshe. Hayo madoa meupe yasikukere, ndiyo mlinzi wako."

"Sitaufuta hata kwa kidole."

Na kweli hakuufuta. Tulijue hilo mapema, kwa sababu baadaye watu walisema mengi.

Jumapili iliyofuata Aikande na mumewe Efraimu walipanda Mwika. Efraimu alikuwa mtoto wa katikati, na mtoto wa katikati mlimani tunamjua. Wa kwanza hupewa shamba, wa mwisho hubaki na kihamba cha baba, ile migomba na kahawa yake, pamoja na nyumba, na wa katikati huombewa dua njema aende akatafute. Efraimu akatafuta, akaipata ile tambarare. Alikuwa mtu mpole, mchapakazi, asiye na neno baya na mtu. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba mbele ya mama yake hakuwa na neno la aina yoyote.

Mama huyo aliitwa Martha, mjane, mwanamke mrefu aliyenyooka, mkali wa macho. Aliwapokea vizuri, akawapa mtori wa ndizi, akauliza habari za mahindi. Kisha Ndeshi akatokea nyuma ya nyumba, mikono imejaa maganda ya kahawa, akasimama karibu na bibi yake na kushika pindo la kanga yake.

"Msalimie mama," Bibi Martha akamwambia.

Mtoto akamtazama Aikande kwa haya. "Shikamoo, mama wa chini."

Watu wakacheka. Shemeji akacheka, mke wa shemeji akacheka, Efraimu naye akacheka kidogo na kutazama bakuli lake. Aikande akaitikia, "Marahaba, mwanangu," na yeye pia akacheka, maana asingecheka ingeonekana vibaya.

Walipobaki watu wazima peke yao akasema lililomleta. "Mama, nyumba yetu imepigwa dawa. Mbu wamekwisha. Wametandika shuka jeupe, tumetazama kwa macho yetu, hakuna hata mmoja. Daktari amesema mtoto anaweza kulala."

"Huyo daktari ana mtoto wake kule?"

"Hana, mama."

"Haya."

"Mama, naomba mtoto wangu."

Bibi Martha hakukasirika. Ni afadhali angekasirika. Alichukua kuni moja, akaisogeza jikoni. "Aikande, mimi sikumwiba mtoto wako. Nilikuja kuzika mjukuu, nikaona mwingine amelala kwenye godoro lile lile. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningemchukua," Aikande akasema kwa sauti ndogo.

"Basi. Na hiyo dawa nimeiona. Nilipokuja kwenye msiba wa jirani yenu nilichungulia kwako. Loo! Ukuta mzima umechirizika meupe, utafikiri kuku wamelala juu yake mwaka mzima. Mimi nimtoe mjukuu wangu humu nikamlaze bandani?"

Shavu la Aikande liliwaka moto. Akamgeukia mumewe. "Efraimu, sema basi."

"Mama anasikia," Efraimu akasema.

Ndivyo alivyosema, Mungu amsamehe. Aikande akatazama moto, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti, akiwa ameketi wima, mikono mapajani. Pengine ndiyo yaliyomgusa mkwewe kuliko maneno. Bibi Martha akasogeza kuni nyingine, kisha akasema:

"Kahawa ikipungua nitamleta mwenyewe. Nitatazama pa kulala. Nikiridhika, nitamwacha mpaka Krismasi, na Krismasi akija hapa mzima, atakaa kwako. Nisiporidhika narudi naye siku hiyo hiyo, na habari hii isisemwe tena nyumbani kwangu."

"Asante, mama. Asante sana."

"Usinishukuru. Katengeneze nyumba."

Sasa hapo ndipo penyewe. Mwanamke ameambiwa atengeneze nyumba. Na kutengeneza nyumba, kwa mwanamke yeyote wa udongo na fito, maana yake ni moja: ni kuisiriba upya, kuta zote zipakwe udongo mpya. Mgeni wa maana akija, unasiriba. Arusi ikikaribia, unasiriba. Ukuta uliopasuka na wenye madoa ni aibu ya mwenye nyumba, hakuna haja ya kuuliza.

Udongo wa chini ni mweusi, ukikauka unapasuka vipande vipande. Aikande aliutaka ule wa Mwika, mwekundu, laini, unaochotwa kwenye kingo za mfereji unaopita kando ya kihamba. Aliuchota siku ile ile kabla ya kuondoka, akajaza kapu kubwa, na gunia zima akamtwisha Efraimu. Njia nzima ya kushuka Efraimu aliguna.

"Yaani tunabeba udongo, Aikande. Watu wanabeba ndizi, sisi tunabeba udongo."

"Mtoto akiamka asubuhi auone ukuta wa kwao. Asiamke akadhani amepotea."

Efraimu hakuguna tena.

Alichanganya udongo ule na samadi ya ng'ombe wa jirani na majivu kidogo, akaukanyaga mpaka ukaiva. Siku aliyoanza kusiriba, Efraimu alisimama mlangoni, jembe begani.

"Salehe hakukataza?"

"Amekataza kufuta na kuosha. Mimi nafuta? Naosha? Dawa ipo pale pale, naifunika tu isichakae."

Efraimu akafikiri, akaona ni sawa. Na wewe usijifanye mwerevu leo, ungekuwepo ungeona ni sawa. Kitu ukitaka kisiharibike unakifunika. Ndivyo tunavyofanya kwa unga, kwa maziwa na kwa mtoto. Akaingia kumsaidia sehemu za juu ambazo mkono wa mkewe haukufika.

Bibi Martha aliwasili asubuhi moja ya mawingu, Ndeshi mbele yake na kitita cha nguo kichwani. Alisimama kizingitini. Akaingia. Akapitisha kiganja ukutani, akazunguka chumba chote, akainua hata godoro kutazama chini yake. Aikande alisubiri nje kwa jinsi mtu anavyosubiri nje ya baraza la mangi, chifu wa mlimani.

"Hii sasa ni nyumba," Bibi Martha akasema alipotoka.

Tangu aolewe, Aikande hakuwahi kusifiwa na mwanamke yule. Alitaka kumkumbatia, akaona haya, akaenda kumletea maji ya kunywa.

Ukuta wa karibu na kitanda ulikuwa bado haujakamilika. Aikande alikuwa ameuacha kwa makusudi. Akamwita mtoto. "Njoo, hapa ni pako. Nisaidie." Ndeshi alisita, akatazama bibi yake, bibi akaitikia kwa kichwa. Basi akachovya mikono yote miwili kwenye udongo, akapaka, akacheka, akapaka tena, na mwishowe akabandika viganja vyake ukutani, akabonyeza kwa nguvu zake zote. Alipovitoa vilibaki pale, vidole vimetanuka, karibu na mahali ambapo kichwa chake kingelala.

"Usivifute," akaagiza.

"Nani afute?" Aikande akasema. "Atakayefuta tutagombana naye."

Bibi Martha akaondoka kabla jua halijainama. Alikuwa amejiwekea sharti tangu maziko yale kwamba yeye halali chini, na hakuna aliyembembeleza. Alimwinamia mjukuu wake, akamwambia neno sikioni kwa Kichaga, akaenda zake bila kugeuka nyuma.

Siku za kwanza Ndeshi alikula kidogo na kuuliza bibi atarudi lini. Aikande hakumsukuma. Alimpikia kiburu cha ndizi na maharage kama cha juu, alimfundisha kufukuza ndege kwenye ufuta, alimsuka nywele polepole ili mkao uwe mrefu. Taratibu mtoto akaanza kuzungumza. Akazungumza mpaka akawa hanyamazi. Kwa nini huku mlima unaonekana wote na nyumbani hauonekani? Kwa nini mama alihamia mahali hakuna migomba? Elifasi alikuwa na meno? Aikande alijibu yote. Kuna asubuhi mtoto alimpandia mgongoni bila kuombwa, mrefu kama alivyokuwa, miguu ikining'inia, na Aikande akaendelea kufagia uwanja mzima na mzigo wake huo, akafagia hata palipokuwa safi.

Majirani wakapita kusalimia. "Kumbe huyu ndiye! Hujambo, Ndeshi? Umefanana na mama yako." Sasa walipomwita Mama Ndeshi aliitika kwa sauti iliyofika barabarani.

Ila "mama" peke yake mtoto hakusema. Alisema "mama wa chini, nina kiu," "mama wa chini, tazama." Aikande alijiambia hana haraka. Krismasi ilikuwa bado.

Mvua za vuli zikanyesha. Vidimbwi vikajaa kwenye mashimo ya kwato za ng'ombe, na jioni ukasikika ule wimbo mwembamba wa mbu sikioni, ambao Aikande alikuwa ameusahau. Akajipa moyo: wanaingia, lakini watakufa, dawa ipo.

Salehe alikuja na mashuka yake wiki hiyo. Alipopita mlangoni alisimama. Alitazama kuta zile nyekundu, nzuri, laini, na kofia yake ikamtelezea kisogoni kwa kuinua shingo. Akatandika, akafunga, akapuliza, akakohoa. Alipofungua mlango hakutania.

"Njoo utazame, mama."

Walikuwa wamelala juu ya shuka huku na kule, wadogo, miguu juu. Wengi walikuwa pale kitandani anapolala mtoto. Salehe akamwokota mmoja kwa kikoleo chake, akamshikilia kwenye mwanga. Tumbo lilikuwa limevimba, jekundu.

"Huyu ameshiba," akasema.

Aikande alimtazama mbu yule, akageuka kumtazama Ndeshi aliyekuwa uani akimfukuza kuku. Alielewa damu ile ilikuwa ya nani. "Dawa imekufa?" akauliza.

"Dawa haijafa. Ipo huku nyuma." Salehe akagonga ukuta kwa kidole. "Mbu anatua hapa juu, kwenye udongo wako. Haigusi."

"Ulisema nisifute."

"Nilisema."

"Sikufuta, Bwana Salehe. Mtu yeyote akuambie. Sikufuta."

"Najua, mama." Akavua kofia, akaishika mikononi. "Nilisema msifute, nilisema msioshe. Kupaka sikusema. Nimepita kijiji kizima sikusema, na Bwana hakufikiria kuniambia niseme. Sisi tunaona ukuta wa dawa. Nyinyi mnaona nyumba."

Bwana Mbu alishuka garini, akaingia, akatazama. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alimwita Ndeshi, akamgusa paji la uso, akamtazama macho kwa ndani, akatoa vidonge kwenye mfuko wa shati. Kisha akasema na Salehe kwa Kiingereza, na Salehe akatafsiri bila kumtazama Aikande: mtoto ameze leo hii, gari litarudi kesho kumwona, na akipata joto wampeleke hospitali wasingoje.

"Anasema pia pole," Salehe akaongeza. Haijulikani kama daktari alisema hivyo kweli.

Joto lilikuja kesho yake mchana, kwanza baridi, meno yakigongana kwenye jua kali, kisha moto. Gari lilimpeleka Moshi, wakamdunga sindano, wakamrudisha baada ya hatari kubwa kupita, dhaifu, macho makubwa, midomo imepasuka. Njia nzima Aikande alimpakata. Alikuwa amekwisha kuomba kila alichojua kuomba.

"Usimwambie mama," alimsihi Efraimu. "Anapona. Mwache apone kwanza, tutamwambia Krismasi."

Na kwa mara ya kwanza Efraimu alikuwa na neno. "Akifa bila mama kumwona, utamwambia nini? Mimi nitamwambia nini?" Akavaa koti lake, akapanda mlima.

Bibi Martha alishuka siku hiyo hiyo, vumbi mpaka magotini. Hakumsalimia mtu. Aliketi kando ya kitanda, akatandika kanga yake chini, na usiku ulipoingia akalala pale pale sakafuni, kwenye tambarare ile aliyoapa hatalala. Hakumlaumu Aikande. Mmoja alishika kitambaa cha maji, mwingine alishika kikombe cha uji, wakapishana bila maneno.

Siku ya pili adhuhuri mtoto alifumbua macho. Bibi akamwinamia haraka. "Nipo hapa, mama yangu. Unataka nini? Maji?"

Ndeshi akamtazama, kisha akatafuta kwa macho chumba chote.

"Namtaka mama wa chini," akasema.

Aikande alikuwa mlangoni na beseni. Aliliweka chini lisije likamponyoka. Akaja, akapanda kitandani, na mtoto akaingiza kichwa chake kwapani mwake, akalala usingizi. Bibi Martha aliinuka, akatoka nje, akasimama muda mrefu akiwapa mgongo, akitazama mlima.

Ungefikiri hapo mambo yamekwisha, si ndiyo? Mtoto ametaja anayemtaka. Lakini Ndeshi alipoweza kukaa, Bibi Martha alimfunga mgongoni kwa kanga ile ile aliyolalia, vile vile kama zamani, ingawa sasa miguu ya mtoto ilifika mapajani mwake.

"Mama, umemsikia mwenyewe," Aikande akasema. "Amenitaka mimi."

"Nimemsikia. Ndiyo maana nataka awe hai."

Aikande alikaa na nyumba ile tupu mpaka akashindwa. Akapanda Mwika. Njiani, kwenye mpaka wa kihamba, akachuma jani la isale, akalikunja fundo, akalishika kwa mikono miwili. Wachaga tunajua: ukimkosea mtu ukamwendea na isale, hawezi kukataa, hata kama umemuulia mtu wake. Wazee wa kanisa walikuwa wakihubiri kinyume chake Jumapili na kulipokea wenyewe Jumatatu.

Akapiga magoti mbele ya mkwewe. "Mama, nimekosa. Niliharibu kwa mkono wangu mwenyewe. Nilitaka uione nyumba nzuri."

Bibi Martha alilitazama jani lile. Akalipokea. "Na mimi ndiye niliyesema kuku," akasema. Akamshika bega. "Inuka. Nimekusamehe, na wewe unisamehe. Yamekwisha, hayatasemwa tena."

"Na mtoto?"

"Mtoto haji."

"Mama!"

"Msamaha si mtoto, Aikande. Isale limekuja kuomba msamaha, nimetoa. Mvua zipite. Hizi, na za masika. Yule kijana atandike shuka lake lile jeupe mvua zote mbili, na nikisikia ni jeupe, njoo tuzungumze. Sitakufungia mlango. Ila usiniombe leo."

Ndeshi alimsindikiza mpaka kwenye mfereji. Alikuwa amekonda, lakini alitembea mwenyewe. Hapo bibi alipomkataza kuvuka, alisimama.

"Mama wa chini, mikono yangu ipo bado ukutani?"

"Ipo."

"Hujaifuta?"

"Nimekwambia atakayefuta tutagombana."

"Usiku unaiona?"

"Naiona. Ndiyo ninayolala nayo."

Mtoto akaridhika, akarudi kwa bibi yake akirukaruka kidogo, kwa nguvu zile zile chache alizokuwa nazo.

Salehe alikuwa amesema wapiga dawa watarudi Jumatano, kwa ajili ya nyumba hii moja, ila ukuta lazima ubanduliwe kwanza mpaka kwenye udongo wa zamani, kwa sababu ule mpya haujashika vizuri na ungeanguka na dawa yake. Siku nzima ya Jumanne Aikande na Efraimu walibandua kwa majembe ya mkono. Udongo wa Mwika ulianguka mapande kwa mapande, vumbi jekundu likajaa nywele zao. Efraimu alimaliza upande wake, akaja upande wa kitanda, akakuta mkewe amebandua kote, juu, chini na pembeni, akaacha kipande kimoja tu chenye viganja viwili.

"Hiki tukiache," Efraimu akasema. "Ni kidogo. Salehe hatasema kitu."

Aikande alikuwa amepiga magoti juu ya kitanda. Aliweka mkono wake juu ya ule mdogo, kidole juu ya kidole, akaona jinsi wake ulivyoufunika wote. Akakaa hivyo. Nje mtu alipita, akaita, "Mama Ndeshi, hamjambo humo?"

"Hatujambo!" akaitikia.

Kisha akachukua jembe.

"Aikande, ulimwahidi mtoto."

"Nilimwahidi," akasema, huku machozi yakimteremka kwenye vumbi la mashavu. "Akija atanigombeza. Nataka aje anigombeze."

Akaingiza ncha ya jembe chini ya alama ya kidole gumba kile kidogo, akasukuma.